Tupeane uzoefu: alama sugu na nta za zamani kwenye rangi ya gari

Mpangaji wa Mkunguni
Wadau habari za jioni. Nina IST nyeusi, niliichukua mkononi kwa mtu, na huyo mtu inaonekana alikuwa mpenzi wa polishi za chupa, anapaka leo anapaka kesho kutwa, vumbi humo humo, mpaka zimegandana. Jua likiwa utosini huoni kitu, ila jioni, au mvua ikishanyesha, bonet inatoka mabaka mabaka kama ina mba. Juu ya hayo, nilipopanga gari inalala chini ya mkungu, na popo wa huu mtaa Mungu ndo anawajua, wanakula kungu usiku kucha na kazi yote wanaimalizia hapo hapo juu ya paa. Asubuhi nakuta madoa ya zambarau, ukiosha la juu linatoka linabaki duara. Leo kijana wa kuosha magari kaniambia "bosi tupitishe stilwaya taratibu haitaonekana". Nimemwambia aiache kwanza. Aliyewahi kupambana na haya mambo, utomvu, lami, saruji, nta za zamani, na rangi ikabaki salama, aje aseme. Uzoefu lakini, sio kuhisi hisi.

Bibo Kavu
Stilwaya?? Mkuu huyo kijana mhamishe hata mtaa.

Mama Kulwa
Nimecheka halafu nikaumia maana kwangu hiyo stilwaya ilipita kweli. Shemeji yangu alikuja kutoka mkoani, kijana ana adabu na bidii kupita kiasi, hata ukiweka kikombe chini kashakiosha. Sasa siku hiyo kaamka alfajiri kakuta kunguru wamefanya yao juu ya Noah, imekauka, akaona amsaidie kaka yake kabla hajaenda kazini. Akachukua Vim na stilwaya ya masufuria. Mi natoka nje na kanga yangu nasikia kwaruu kwaruu na mtu anaimba pambio, kumbe kashamaliza paa kaingia kwenye bonet. Kinyesi kilitoka kweli, na kung'aa kukatoka nacho. Baba Kulwa alitoka akasimama, akaangalia, akarudi ndani bila kusema neno, akatoka tena akasema "asante mdogo wangu, pumzika sasa". Ungesema nini, mtoto wa watu katoka jasho mpaka mgongo umelowa, anasubiri asifiwe. Fundi akaja akapiga msasa wa maji namba 2000 na kampaundi, ile polishi nzito ya kusagia rangi, bonet ikarudi rudi, paa mpaka leo likipigwa na jua unaona miduara. Tulikubaliana paa nani atalipanda kuliangalia.

Zungu la Unga
"asante mdogo wangu pumzika sasa" 😂😂😂 huyo baba ataiona pepo

Fundi Klia
Mama Kulwa pole, na Baba Kulwa mpe hongera. Mi kazi yangu ni rangi, ngoja niseme kitu maana naona watu wanadhani rangi ya gari ni bati limepakwa. Gari nyingi za siku hizi rangi yenyewe iko chini, juu yake kuna klia. Hiyo klia ndo inang'aa na ndo inazuia jua. Ya kiwandani kwa kawaida unene wake ni maikroni kama 40 mpaka 50, unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hiyo. Kwa hiyo stilwaya, Vim, dodoki kavu, mchanga uliobaki kwenye tambara, vyote vinakula hiyo hiyo, na haioti tena. Kampaundi nayo inakula, tofauti ni kwamba inakula kidogo na kwa usawa. Ndio maana gari iliyopigwa kampaundi kila sikukuu ya Idi na kila Krismasi mwisho klia inaisha, inaanza kubabuka nyeupe nyeupe juu ya paa.

Kinyesi cha ndege kina asidi. Gari likiwa juani klia inalegea kidogo, kinyesi kikikauka kinajikunja na kuivuta, ndo unakuta umeosha na duara limebaki. Hilo duara sio uchafu, ni rangi imeshaumia. Sasa wewe unasugua uchafu ambao haupo. Pitisha ukucha, ukucha ukikwama ujue limeingia ndani, hapo spiriti wala sabuni haina kazi, ni msasa mwembamba na mtu anayejua. Ukucha usipokwama polishi nyepesi inatosha.

Na kwa kitu kilichokauka, lowanisha taulo na maji ya moto, sio yanayochemka, lilaze juu ya doa liache hapo ukanywe chai. Ukirudi nyanyua, usivute. Likibaki rudia.

Kiboko ya Vumbi
Maneno mengi. Mafuta ya taa, tambara laini, kwisha. Lami, utomvu, nta, gundi ya stika, yote yanatoka. Baba yangu alikuwa dereva wa lori na alitumia hayo tangu enzi hizo.

Dkt wa Matairi
Petroli ni bora kuliko mafuta ya taa. Inakauka haraka haiachi utelezi.

Kiboko ya Vumbi
Petroli unaloweka tambara unasugua bati liko juani? We unataka kuosha gari au kuchoma?

Dkt wa Matairi
Nani kasema juani? Soma kwanza halafu ujibu.

Kiboko ya Vumbi
Nimesoma, hukusema kivulini pia. Na petroli ikikaa inafubaza klia, muulize Fundi.

Fundi Klia
Msiniingize. Ila kwa lami mafuta ya taa ni salama kuliko petroli, mradi usiyaache yakae na ukimaliza uoshe na sabuni maana yanaacha utando unaokamata vumbi. Petroli sipendi, na thina ndo msiguse kabisa. Kwenye gari iliyowahi kupigwa rangi mtaani, thina inaondoka na rangi yote unabaki unaangalia praima, ile rangi ya chini kabisa.

Mwana wa Masasi
Mmesahau korosho. Nyie wa Dar mnaongelea popo, njooni msimu wa mabibo muone. Nilikuwa na mzee wangu tulienda shamba, akapaki pikapu yake chini ya mkorosho maana kivuli kile ni kizuri acha, tukala tukalala kidogo. Bibo likidondoka linapasuka, maji yake kila mtu wa kwetu anajua nguo ikipata ndo basi tena, na kwenye rangi nyeupe vile vile linaacha kahawia. Ila bibo sio shida, shida ni yale mafuta ya ganda la korosho. Yanaunguza mpaka ngozi ya mkono, waulize akina mama wanaobangua kwa mkono. Kulikuwa na gunia la maganda nyuma ya pikapu, moja lilivuja likashuka kwenye ubao wa nyuma. Mzee aliosha usiku ule ule na sabuni ya kipande, bibo lilififia, mstari wa mafuta ya ganda upo mpaka kesho. Kila anayenunua korosho akiuona anasema "aah hii gari ya mkulima kweli".

Bibo Kavu
Naunga mkono. Kivuli cha mkorosho ni mtego.

Kijana wa South B
Huku Nairobi shida ni jacaranda. Kuanzia Septemba hivi maua yakianza kuanguka watu wanapiga picha wanasema ooh town imependeza, wewe mwenye gari unajua kilio chako. Ua likilala kwa bonet na mvua kidogo inashika kama gum. Mimi natumia spirit ya chemist, ile ya hospitali, kwa pamba, nashikilia tu juu ya utomvu mpaka ulainike. Lakini ikitoa utomvu inatoa wax pia, so hapo lazima upake ingine.

Mpangaji wa Mkunguni
Hapo sasa mmenigusa. Mi hiyo nta naitaka itoke. Fundi nta za zamani tabaka tabaka unatoaje?

Fundi Klia
Sabuni ya kuoshea vyombo. Ndio, ile ile ambayo siku zote tunawakataza kuoshea gari. Inakata mafuta, kwa hiyo inaondoka na nta. Osha kivulini, bati likiwa la baridi, sehemu kwa sehemu, suuza. Halafu mwagia maji safi uangalie. Maji yakisimama vitone vitone duara nta bado ipo. Yakilala yakashuka kama shuka hapo umefika. Ikibaki, spiriti nusu maji nusu kwenye taulo la maikrofaiba, futa kipande, geuza upande msafi, futa tena. Zile polishi za chupa nyingi zina silikoni, hiyo inang'ang'ania, na niwaambie ukweli ndo adui yetu mafundi. Gari inakuja kupigwa rangi bampa la mbele, hatujatoa silikoni vizuri, ukipuliza rangi inakimbia inaacha vishimo vya duara kila sehemu. Tunaita macho ya samaki. Mteja analalamika kapewa rangi mbovu kumbe ni polishi yake mwenyewe.

Maji ya Kisima
Swali la pembeni, madoa meupe ya maji ya kisima yenye chumvi yanatokaje? Huku Mbezi tunaoshea hayo hayo.

Nyuki Dume
Siki. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, iache kidogo, suuza sana. Ni chokaa ya maji ile, siki inaila. Ikiwa imekaa miezi na jua limeichoma humo, imeshakula klia hiyo.

Dkt wa Matairi
Colgate pia inatoa.

Fundi Klia
Colgate ni msasa wenye harufu nzuri. Kwenye taa zilizofifia sawa, jaribu. Kwenye rangi nyeusi utaniita.

Bi Harrier
Jamani naomba nitoe la moyoni maana nimesoma hapa mpaka machozi. Alama mnazoongelea zinatoka au hazitoki, mi yangu ilikuwa na maandishi. Nilimwazima dada yangu Harrier, nyeupe, ile nyeupe ya lulu, kwa ajili ya send-off ya rafiki yake. Ikarudi jumapili usiku sana, kaweka funguo juu ya friji, kalala. Asubuhi mlinzi ananigongea dirisha, "mama kuna mafuta yamemwagika kwenye gari". Natoka naona kweli bonet ina michirizi inameremeta. Nikajua ni mafuta ya kula, labda walipaki karibu na mtu wa chipsi. Mlinzi na moyo wake mzuri akachukua tambara akafuta. Jamani. Rangi ilijikunja ikamfuata. Akaacha tambara akarudi nyuma kama kashika nyoka. Nikasema mwagia maji haraka, tukamwaga ndoo, ya pili, ya tatu, na huku maji yanapita rangi inainuka mapovu mapovu, inavimba, na kadiri inavyovimba tukaanza kuona ni herufi. R. U. D. Mlinzi alikuwa anasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. RUDISHA. Kubwa, bonet nzima, mtu kaandika ametulia kabisa mpaka A ya mwisho ina mguu.

Dada kaamka kaja mlangoni na kanga, kaangalia, kageuka rangi kuliko hata gari. Namuuliza rudisha nini? Anasema sijui. Kaingia ndani kavaa kaondoka na bodaboda, simu haipatikani mpaka jioni.

Zungu la Unga
SUBIRI. Rudisha NINI?

Kijana wa South B
Weeeh. Hiyo ni bwana ya mtu.

Mama Kulwa
Uwiii mwenzangu pole. Ila umalizie maana mboga imeungua jikoni nimesimama na simu.

Kiboko ya Vumbi
Ni mume huyo, hakuna mjadala. Hakuna mtu anaandika hivyo kwa sababu ya pesa.

Nyuki Dume
Pesa za kikoba zinaandikwa hata mlangoni kwa mweka hazina, we hujakaa na akina mama.

Dkt wa Matairi
Chai. Rangi haivimbi herufi kwa herufi.

Fundi Klia
Inavimba. Hiyo ni mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, yanalainisha rangi mpaka chini. Usiku mzima yakikaa hapo hakuna polishi wala klei wala dua. Niliwahi kuletewa bonet ya namna hiyo, ilibidi tuikwangue mpaka bati. Wengine wajue tu, yakimwagika muda huo huo usifute, mwagia maji mengi, maji yanayayeyusha, halafu sabuni, maji tena. Tena inatokea hata garage, fundi anajaza breki anadondosha kwenye fenda anafuta na gwanda lake anaondoka, wiki ijayo unaona rangi imebabuka unadhani jua.

Zungu la Unga
Fundi asante ila hatukuja kwa ajili ya breki sasa hivi. Bi Harrier uko wapi.

Mzee wa Gati
Naona vijana mmehama kwenye mada. Mimi nimefanya kazi na magari bandarini miaka hiyo. Magari mapya yalikuwa yanashuka melini yamepakwa nta nzima nzima, ya kuzuia chumvi ya bahari, gari la rangi nyekundu unaliona la hudhurungi. Tulikuwa tunaitoa kwa mafuta ya taa na maji ya moto, mtu na brashi laini ya nywele, tunaanzia juu kushuka, siyo chini kupanda, kwa sababu mchanga wote uko chini. Hakuna gari lililokwaruzwa mikononi mwangu. Siku hizi yanakuja na makaratasi ya nailoni tu. Hivyo kijana mwenye IST asiogope, nta ni kitu cha kulainisha, haitaki ubabe. Na aanze na kipande kidogo mahali pasipoonekana, chini ya mlango.

Mpangaji wa Mkunguni
Shikamoo mzee, asante sana. Nitaanza na chini ya mlango.

Mzee wa Gati
Marahaba mwanangu.

Mswahili wa Muscat
Huku joto likipanda bonet hugusi kwa mkono, kwa hiyo sisi hatuoshi mchana, ni baada ya magharibi bati limepoa. Ndege akikuchafulia asubuhi mpaka adhuhuri kishapika. Mimi kwenye buti naweka chupa ya maji ya kupuliza na taulo, nikiona tu nalowanisha hapo hapo. Klei pia ipo madukani, unapuliza maji ya sabuni unateleza nayo, inakamata chembe zote. Jaribuni kuvaa mfuko laini wa nailoni mkononi halafu mpapase bati lililooshwa, mtashangaa, lile mlilodhani laini limejaa punje.

Bibo Kavu
Mfuko wa nailoni? Kiongozi huku ilipigwa marufuku 2019, utatutia ndani.

Nyuki Dume
Tumia nailoni ya kufungia mkate.

Maji ya Kisima
Klei ndo udongo wa aina gani? Wa mfinyanzi upo hapa karibu na mto.

Fundi Klia
USIPITISHE UDONGO WA MFINYANZI KWENYE GARI. Klei ya gari ni kama mpira laini, inauzwa. Na ikidondoka chini itupe, usiipanguse ukaendelea, ule mchanga uliobeba ndo utachora nao.

Mama Kulwa
Fundi sasa umeshakutana na shemeji yangu mwingine 😂

Dereva wa Masika
Ya lami mimi natumia Blue Band. Sitanii. Tulipita kwenye matengenezo ya barabara lami bado mbichi, madigadi ya matairi na milango vyote vikapata vidoti vyeusi. Abiria mmoja mama mtu mzima akasema "mwanangu paka siagi". Tukapaka, tukaenda kula, kurudi vinatoka na kidole. Ila nzi na sisimizi mtawakaribisha msipoosha.

Kiboko ya Vumbi
Mafuta ya taa hayaliwi na sisimizi.

Nyuki Dume
Na ile nta nyeupe iliyoganda kwenye plastiki nyeusi za bampa, siagi ya karanga inaitoa. Paka, sugua na mswaki wa zamani.

Dkt wa Matairi
Hapa sasa tunaosha gari au tunaandaa kifungua kinywa.

Bi Harrier
Nimerudi. Dada kasema ni mambo ya kikoba. Yeye ndo mweka hazina na mgao ulichelewa. Nimeishia hapo, mengine ni ya familia. Bonet ilikwanguliwa yote ikapigwa upya, na weupe wa lulu mnajua haufanani, jua likiwaka bonet ni nyeupe nyingine na mlango ni mwingine.

Nyuki Dume
NILISEMA.

Kiboko ya Vumbi
Kikoba kwenye send-off? Sawa tumekubali.

Mama Kulwa
Mwenzangu na mwandishi je, alilipa bonet?

Bi Harrier
Mgao ulitoka. Bonet tulikatana humo humo kwenye hisa za dada.

Mpangaji wa Mkunguni
Wadau mrejesho. Nimeanza chini ya mlango kama mzee alivyosema, sabuni ya vyombo halafu spiriti ya duka la dawa nusu maji. Taulo la kwanza lilitoka la njano na lina rangi ya vumbi la miaka. Nimemaliza bonet nzima, mabaka mengi yameondoka na maji sasa yanalala. Duara za popo mbili ukucha unakwama, hizo nimeziacha, nitapaka nta juu ziishi. Kilichonishtua, mabaka yalipotoka nimeona mikwaruzo ya duara tele ambayo nta ilikuwa inaificha.

Fundi Klia
Kawaida. Aliyekuuzia alijua. Usiikimbilie kampaundi yote, polishi nyepesi kwa mkono inatosha kupunguza, ikibaki iache, gari ni la kutembelea.

Kiboko ya Vumbi
Au kata mkungu.

Mpangaji wa Mkunguni
Mkungu ni wa mwenye nyumba na juzi kaongeza kodi, siwezi kumwambia kitu.

Boda wa Kimara
Samahani nimechelewa. Tangi la pikipiki limepata saruji nilipopita kwenye ujenzi, imekauka punje punje. Nitumie nini?

Dkt wa Matairi
Bisibisi, taratibu.

Nyuki Dume
Usimsikilize huyo. Siki yenye maji, loweka tambara ulaze juu, saruji ikilainika unatoa na ukucha, suuza sana. Anza pasipoonekana.

Boda wa Kimara
Tangi lote linaonekana kaka.